Panya wa Ukurasa wa Sitini na Mbili

4 Februari

Mpwa wangu,

Leo ni tarehe nne Februari. Ni miaka thelathini na nane, miezi mitatu na siku moja tangu nitoke katika nyumba mnayoishi. Sihesabu kwa huzuni. Ni mazoea ya kazi. Mtu aliyesoma prufu, zile chapa za majaribio, maisha yake yote hapiti karibu na tarehe bila kuikagua.

Barua yako ilifika Jumatatu, pembe moja imelowa. Nakurudishia ukurasa wake wa pili, nimeusahihisha kwa wino mwekundu kama nilivyofanya tangu ulipokuwa darasa la tatu. "Masaa" hapana, ni "saa", hata zikiwa mia. Na "mkutanno" lina n moja ya ziada. Nimeiondoa kwa ile alama yangu ambayo wewe na mama yako mmeicheka miaka yote: mstari juu ya herufi, kitanzi, kisha mkia mrefu hadi pembeni. Panya wa mjomba. Kila msahihishaji ana wake, na wangu naona amenenepa kwa uzee.

Sasa habari yenyewe. Umeniandikia kwamba majalada ya enzi zile yamefunguliwa na kwamba Tume ya Marejeo inapokea maombi. Nimeelewa hivi, unisahihishe nikikosea: mtu aliyetajwa na mwenzake akafukuzwa nchini anarudishiwa uraia wake na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Aliyemtaja mwenzake hapewi kitu, na jina lake linabandikwa ubaoni mlangoni pa Tume. Wanachotaka ni muhtasari wa jalada, kurasa tatu, unaoonyesha mwombaji alikuwa upande gani. Jalada letu lina kurasa mia mbili na kumi na nne, majina yote yamepakwa wino mweusi, nawe unashinda masijala kutwa nzima, na ukirudi nyumbani unamhudumia mama yako ambaye macho yamemwishia.

Kwa hiyo wazo lako la kutumia kile kisaidizi cha kompyuta, hiyo akili mnemba mnayoandikia barua za ofisi, silipingi. Kiwanda changu cha mwisho cha uchapaji kiliniaga kwa sababu ya mashine ya aina hiyo, lakini sina kinyongo nayo. Ipe jalada lote kwa mkupuo na uiulize swali moja tu: nani alimtaja mjomba wangu? Itakujibu.

Nikiruhusiwa, sitaki makubwa. Nataka chumba cha uani, kile chenye dirisha linalokwama mpaka ulisukume kwa bega, na msumari wa koti nyuma ya mlango. Hapa naishi juu ya dobi. Mvuke unapanda tangu asubuhi na vitabu vyangu vyote vimejikunja. Mtu akifika umri wangu anataka kulala mahali anapojua kila mlango unalia vipi.

Msalimu mama yako. Msalimu na mjomba wako Fundi.

Mjomba wako


26 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Ama baada ya salamu (najua utaikata hiyo, iache), kazi imekwisha, na natamani isingekwisha.

Nilipiga picha kurasa zote kwa simu, saa za chakula cha mchana, siku nne. Nikazipakia zote kwa pamoja na kuuliza swali lako neno kwa neno. Sikuwahi hata kuinua kikombe cha chai; jibu lilikuwa limeshajaa kioo, limepangwa kwa aya, linasomeka kuliko ripoti yoyote ya bosi wangu. Lilianza hivi: "Mjomba wako alitajwa na ndugu yake."

Inasema mlikuwa ndugu wawili katika shauri la zile karatasi zilizokatazwa. Mdogo, fundi saa, alikwenda mwenyewe kwa maafisa. Wewe ukapewa hati ya safari ya kwenda tu. Yeye akashikiliwa siku mbili baadaye, na hapo mashine ikaeleza, bila mimi kuiuliza, kwamba kushikiliwa kwake kulikuwa "njia ya kuficha kwamba ndiye aliyetoa taarifa". Ikanukuu ukurasa wa sitini na mbili, na wa tisini na moja: "Alikiri kwa hiari yake kumtaja kaka yake mkubwa."

Mama alikuwa ameketi anakunja nguo kwa kupapasa. Alinitaka nisome mara mbili. Kisha akasema, "Miaka minne nilimbebea chakula gerezani. Kumbe nilikuwa nampelekea mgeni wao."

Mjomba Fundi alikuwa uani, kwenye meza yake. Unajua hali yake. Vidole vilivunjwa kule ndani, skrubu ndogo hawezi kuzishika, anatengeneza saa za ukutani tu. Mama alimwita, akamuuliza kama ni kweli. Alikuwa ameshika mshale wa saa. Akauliza, "Nani kasema?" Nikajibu kwamba ni kompyuta. Aliugeuza ule mshale, akaupuliza vumbi. "Basi kama imesema."

Mama ndiye aliyeendelea. Alimwambia bora angebaki hukohuko gerezani. Alimwambia chumba anacholala ni cha kaka, kilikuwa cha kaka na kitakuwa cha kaka, atoke. Mjomba Fundi alihama siku hiyohiyo. Alibeba saa kumi na moja hadi kibandani kwake sokoni kwa safari tatu, kwa mkono, maana mkokoteni ungezitikisa. Majirani walitoka kutazama. Mmoja alimuuliza ni saa ngapi, wakacheka.

Nilikuwepo mlangoni. Sikumsaidia hata moja.

Chumba tumeanza kukipaka rangi. Niambie unapenda ipi.

Mpwa wako


15 Machi

Mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Haina kosa.

Kuhusu Fundi sina la kusema. Ni mdogo wangu. Siku zile watu walibanwa, na mtu akibanwa hutoa kilicho mdomoni. Mwambie nimemsamehe. Mwambie kwa maneno hayohayo, usiongeze yako. Mama yako usimlazimishe kumrudisha. Hasira ni yake, ameibeba miaka mingi bila kujua amtwike nani.

Rangi iwe nyeupe. Dirisha msilichonge, liacheni likwame.

Wasilisha muhtasari.

Mjomba wako


8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Muhtasari umekataliwa.

Karani wa Tume ni mama mtu mzima, miwani yake kaifunga kwa kamba ya kiatu. Hakusoma hata sentensi ya kwanza. Alifungua jalada, akaweka muhtasari wangu pembeni yake, akachukua rula. Nukuu ya ukurasa wa sitini na mbili aliipata nusu, akanung'unika. Akataka ya ukurasa wa tisini na moja. Ukurasa wa tisini na moja, Mjomba, ni orodha ya viti na meza zilizochukuliwa nyumbani kwa mtu. Alipitisha rula kiti kwa kiti. Kisha akasema, kwa sauti ya kutosha foleni nzima kusikia, "Binti, mashine yako inaandika vizuri kuliko inavyosoma."

Foleni ilicheka. Na mimi ndiye karani wa masijala, niliyezoea kuwacheka wenzangu wakipoteza majalada.

Nilirudi ofisini nikaiuliza ile sentensi ya kukiri iko wapi hasa. Iliniomba radhi kwa adabu ambayo sijaiona kwa mtu yeyote pale ofisini, ikakubali kwamba haimo. Imeitunga kufuatana na mwendo wa habari. Nilihisi kama nimemfukuza mtu kazi kwa barua isiyo na saini. Lakini nukuu ya ukurasa wa sitini na mbili ipo, hiyo karani mwenyewe aliiona, kwa hiyo nadhani jibu lenyewe ni lilelile na kilichoharibika ni ushahidi tu. Ndivyo mama anavyosema pia.

Karani amenipa mpaka tarehe ishirini Juni. Kila neno ninalodai liwe na ukurasa wake, nukuu iwe ileile, na pasiposomeka niseme hapasomeki. Wewe ulikula kwa kusoma. Nifundishe kuisomesha hii mashine.

Salamu zako za msamaha nilizipeleka kibandani kwa Mjomba Fundi, kwa maneno yaleyale. Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani katikati ya saa zake. Nilidhani analia, nikasogea, alikuwa anacheka. Akauliza, "Kanisamehe kwa maandishi?" Nikasema ndiyo. "Mwisho kaweka nukta?" Nikasema kaweka. "Basi kamaliza." Akaniomba barua, nikampa. Kaibandika ukutani, kati ya saa mbili.

Nilimwambia mama kwamba alicheka. Akasema ndivyo walivyo watu wasio na haya.

Mpwa wako


27 Aprili

Mpwa wangu,

Huyo karani ningempenda. Rula ni chombo cha mtu mwaminifu.

Kosa si la mashine peke yake. Uliiuliza nani alimtaja mjomba. Ndani ya swali hilo mjomba ameshatajwa; kilichobaki ni kumpata wa kumtwika mzigo. Mashine inayotaka kukupendeza haitakurudishia swali lako mkononi ikakuambia limepinda. Itakupa mtu.

Kiwandani tulikuwa tunasoma wawiliwawili. Mmoja anasoma nakala ya asili kwa sauti, na alama zote anazitamka, nukta, mkato, herufi kubwa, na mwenzake anafuata prufu kwa kidole. Siku mwenzangu asipokuja nilisoma kila mstari kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno mojamoja, ili habari isinichukue. Ukishaijua habari, huoni tena herufi, unaona unachokijua. Niliwahi kukamata kosa kwenye kichwa cha habari ambacho watu sita walikuwa wamekipitisha, kwa sababu mimi peke yangu sikujua kinahusu nini.

Fanya hivyohivyo. Ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, usichanganye. Usianze kuiuliza maana. Iambie kwanza inakili yaliyomo kama yalivyo, pamoja na makosa yake, isirekebishe kitu. Mahali pasiposomeka iandike kwamba hapasomeki, isijaze. Ukishapata nakala, weka karatasi yenyewe pembeni, upitishe kidole wewe mwenyewe. Hapo ndipo uulize, na uulize pande zote mbili: kipi hapa kinaonyesha kwamba mtu huyu alitaja, kipi kinaonyesha kwamba alitajwa. Na uipe ruhusa ya kusema haijui. Ruhusa hiyo watu wengi hawakuwahi kupewa, sembuse mashine. Ukiipa, utashangaa itakavyotulia.

Jambo moja la kukupunguzia kazi. Majalada ya aina hiyo yamejaa mwandiko wa pembeni, maafisa walikuwa wakijaribia kalamu zao. Hayo usiihangaishe nayo. Iambie isome kilichopigwa chapa tu.

Nimeanza kugawa vitabu. Vile vilivyojikunja sana hakuna anayevitaka, hata bure.

Mjomba wako


19 Mei

Mjomba,

Nimefanya kila ulichoniagiza, isipokuwa kimoja. Uliniambia inakili yaliyomo kama yalivyo, na karani wa Tume naye anataka yote. Sikuona kwa nini pembeni pasiwe sehemu ya ukurasa. Nikaiambia mashine isome kilichopigwa chapa na kilichoandikwa kwa mkono, na kuhusu alama zisizo maneno ieleze zinafananaje.

Nilikuwa nafanya kurasa ishirini kwa siku. Ulisema kweli, imetulia. Kurasa thelathini na tisa ilisema hapasomeki, na nilipopitisha kidole palikuwa hapasomeki. Sasa nakunakilia ukurasa wa sitini na mbili, wote ila herufi saba za ziada zisizogeuza maana:

"Ndg. [wino] amemtaja ndugu yake katika shauri la karatasi. Mtajwa apewe hati ya safari ya kwenda tu, aondoke kabla ya kuisha tarehe 3 Novemba. Mwingine ashikiliwe tarehe 5."

Na chini yake mashine iliandika hivi: "Ukurasa una alama nane za kalamu. Katika neno 'Mtajwa', herufi w imepitishwa mstari unaoishia kwa kitanzi na mkia mrefu kuelekea pembeni. Ikiwa mstari huo ni wa kufuta, neno linabaki 'Mtaja', na maana inageuka: aliyeondoka ndiye aliyetaja. Hakuna kinachoonyesha nani aliuchora. Sijui."

Tangu nianze kazi hii, hilo ndilo neno la kwanza nililoliamini.

Nilitoa drooni ule ukurasa wangu wa pili uliourudisha Februari. Mkutanno. Nikauweka kando ya ukurasa wa sitini na mbili. Panya wako, na panya wale wanane.

Nilijipa siku mbili za kuamini kwamba alama zinaweza kufanana. Hazikunitosha. Wewe uliondoka tarehe tatu Novemba. Umeniandikia mwenyewe, mpaka na siku umehesabu. Mjomba Fundi alichukuliwa tarehe tano. Kilichomfanya yeye awe mtaja na wewe mtajwa ni herufi moja, na herufi hiyo ilishafutwa kabla sijaanza shule.

Swali lile lililopinda, Mjomba, ulinipa wewe. Na pembeni ulinikataza wewe.

Mama sijamwambia. Nilimpelekea Mjomba Fundi nakala. Aliweka kioo chake jichoni, akainama, akakaa hivyo muda mrefu kama anatafuta jino la gurudumu. Akasema, "Siku zile alikuwa mwembamba, huyu panya." Akaomba karatasi. Alichoandika nimekiambatisha, aliibandika bahasha, sikuifungua.

Nina mihtasari miwili mezani. Mmoja umesoma kilichopigwa chapa tu, kama ulivyotaka. Kila nukuu yake ni sahihi, rula ya yule mama itapita bila kukwama, nawe utarudi. Chumba kimeshapakwa rangi. Wa pili umesoma ukurasa wote. Huo ukienda, jina lako litabandikwa mlangoni, na mama atalisikia kwa watu wa foleni.

Niambie niwasilishe upi. Nataka uandike kwa mkono wako.

Binti wa dada yako


17 Mei

Kaka,

Sijui kuandika kama wewe kwa hiyo usinisahihishe.

Ile karatasi mimi nilionyeshwa siku yangu ya pili mle ndani. Afisa aliiweka mezani akasema huyu kaka yako ni kiboko, hata hapa katusahihisha. Nikamwona panya nikajua. Vidole walivunja baadaye. Wakivunja nilikuwa nimeshajua kwa hiyo hawakunipa habari mpya.

Watu watasema nilinyamaza kwa upendo. Hapana. Mama yetu alipokuwa hai, kila barua yako ikifika alivaa nguo ya kutokea ndipo asomewe. Nikaona nikisema nitamvua nguo mbele za watu. Alipokufa nikasema sasa nitasema, lakini nikawa nimeshazoea kukusikiliza ukidanganya. Uwa napenda. Kila barua salamu zangu ziko chini kabisa, kama mtu anayefuta miguu akitoka. Nikasema ngoja nione huyu bwana atafika wapi na karamu yake. Umefika mpaka kunisamehe. Nilicheka mbavu zikauma siku tatu.

Dada aliponitoa nilimwangalia tu. Miaka minne alinibebea sufuria. Ningemwambia pale angeniomba radhi, na mimi sikutaka radhi yake. Nilitaka wewe uje.

Sasa njoo. Mpwa wetu apeleke ile karatasi nzuri, mimi sitasema kitu atakama wataniita. Chumba kiko wazi, kinanukia rangi. Utalala pale. Kila asubuhi nitakuja na kiti changu nikae nje ya dirisha lako, lile linalokwama. Sitakuuliza neno. Nitakuangalia ukinywa chai, mpaka mmoja wetu afe. Nina saa kumi na moja na zote zinatembea.

Mdogo wako
Fundi


9 Juni

Mpwa wangu,

Barua hii umsomee mama yako, polepole, usimame kwenye nukta.

Panya ni wangu, wote wanane.

Ilikuwa tarehe ishirini na tisa Oktoba, asubuhi, katika chumba chenye feni iliyokuwa haizunguki. Zile karatasi zilizokatazwa niliziandika mimi. Fundi alizirudufu kwa mashine aliyoificha nyuma ya saa zake. Kunipata hakukuwa kazi. Afisa aliniwekea karatasi tatu mezani akasema amezisoma zote na hazina kosa hata moja, na katika mji mzima mtu wa namna hiyo yupo mmoja. Hakunigusa. Aliniagizia chai. Akauliza mashine iko kwa nani, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshamwambia. Mwezi Machi nilikuandikia kwamba watu walibanwa. Mimi sikubanwa. Ningetamani ningebanwa.

Alipiga chapa mwenyewe, kwa vidole viwili, akanipa nisome kabla ya kutia saini. Palikuwa na makosa manane. Niliyaondoa yote. Nilipofika kwenye lile la w alicheka, akaniambia, "Hilo liache, bwana kalamu. Hilo linakufaa wewe."

Nikamjibu, "Haliwezi kubaki. Linabadilisha maana."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nimeyakumbuka kila siku, na kwa miaka mingi nilikuwa nayakumbuka kwa kujisifu. Niliweza kumwacha ndugu yangu. W isiyo mahali pake sikuweza. Siku tano baadaye niliondoka, na mama yetu nikamwambia nimetajwa. Yeye ndiye aliyeuliza na nani. Nikasema sijui.

Usimwambie mama yako kwamba nilikuwa njiani kusema ukweli, au kwamba nilikufundisha kusoma vizuri ili unigundue. Nilikufundisha kwa sababu ulinisifia kazi yangu, na sikuweza kujizuia. Nilikuwa nimeambiwa kwamba maelezo ya watoa taarifa yalichomwa. Nilipoona hayakuchomwa nikategemea wino mweusi, na nilipoogopa kwamba wino hautoshi nikakuomba usisome pembeni. Fundi alipotolewa chumbani nilijua. Nilichagua rangi.

Peleka muhtasari uliosoma ukurasa wote. Jina langu wakilibandika, usiende kulikagua. Chumba mpeni mwenyewe, Fundi, na akikikataa kiacheni wazi, msimlazimishe kuwapunguzia aibu. Zile saa kumi na moja mama yako anaweza kuzirudisha mwenyewe, mojamoja, kwa kupapasa njia, akitaka. Majirani watatoka tena kutazama. Waache watazame.

Barua ya Fundi ina makosa matatu. Ameandika "karamu" alipotaka kusema kalamu. Wino mwekundu ulikuwa mkononi mwangu. Sikugusa.

Mwambie nimekiona kiti alichoniwekea nje ya dirisha. Nimekifikiria siku nyingi, hapa juu ya dobi, na nimejaribu kujiona nikinywa ile chai. Hakunitisha, amenipa anachoweza kunipa, na ni zaidi ya ninachostahili. Ila mtu atakayenitazama kila asubuhi bila kusema neno sitamweza.

Sitarudi.

Mjomba wako